Vidato Viwili kwa Watu Wawili na Nusu

Bi Mwanasha hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa chumba cha hesabu kwa kiwiko, akaingia na mkoba wake wa ukunga begani, akajivutia kiti bila kukaribishwa na kukaa akimkodolea macho Mishi.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba. Hebu niambie, mnawafanya nini wazazi wangu?"

"Wazazi gani tena?"

"Waliojifungua! Wanawake wa arobaini. Idara ya Hewa si ninyi, au nimekosea mlango?"

Mlango hakuukosea. Mishi Kilindo alikuwa mtunza hifadhidata wa Idara ya Hewa ya Jabalini, mji uliochimbwa ndani ya mwamba wa chokaa baada ya joto la juu ya ardhi kuwashinda watu. Watu elfu mbili na mia nne walivuta pumzi kwa hesabu yake. Kila saa mashine ilisoma jedwali la wakazi, ikapata idadi ya watu wa kila chumba, kisha ikaifungua vali ya chumba hicho kwa vidato, hatua za kugeuka zinazolia moja moja: mtu mzima kidato kimoja, mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili nusu kidato. Mishi ndiye aliyeiandika amri hiyo, na mtu akimgusia kwamba imekosea alikuwa na tabia ya kununa kwanza na kusikiliza baadaye. Wenzake walimwita Bi Nukta, naye jina alilipenda kuliko alivyotaka wajue.

"Kwa miezi minne sasa," Bi Mwanasha alisema, "nimezalisha ishirini na watatu. Tisa wameugua ndani ya arobaini. Kichwa kinagonga, usingizi hauishi, mtoto ananyonya mara mbili tatu analala. Nimewapima damu, nimewapima maji ya kunywa, nimewanywesha uji wa pilipili manga mpaka wamenichoka. Hawana ugonjwa! Siku ya arobaini wanafungua mlango, wanatembea ujiani, kesho yake wazima wanacheka."

"Labda ni uchovu wa uza—"

"Usinifundishe uchovu wa uzazi, Mishi. Hao mabinti zako wawili nani aliwapokea?"

Mishi akamgeukia kabisa.

"Sasa sikia kinachonikosesha raha," mkunga aliendelea. "Hao tisa wote ni uzazi wa kwanza. Anayezaa mtoto wa pili haugui. Haya, ningesema ni ugeni wa kazi, mwili bado haujazoea. Lakini wapo watatu wasio na waume, nao ni uzazi wa kwanza, na hao wazima kama chuma. Niambie wewe msomi, ugonjwa gani huo unaouliza kwanza kama mtu ana mume?"

Mishi hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kibodi. Mume, mke na mtoto mmoja ni wawili na nusu. Mume, mke na watoto wawili ni watatu. Mama peke yake na mtoto wake ni mmoja na nusu. Alizisema hesabu hizo kwa sauti ndogo, akarudia.

"Yuko nani ndani ya arobaini sasa hivi? Uzazi wa kwanza, mwenye mume?"

"Wanne. Aliye hali mbaya zaidi ni Nyamvula wa chumba 117. Ana siku ishirini na tisa."

"Twende," Mishi alisema, na alikuwa ameshasimama.

*

Huko juu, zamani, arobaini ilikuwa ya mama na mtoto, na mashangazi walijaa nyumbani kupika na kukanda. Jabalini hapakuwa na nafasi ya mashangazi. Hapo aliyefungiwa ndani pamoja na mzazi ni baba, kwa sheria ya mji: apike, afue, ashike mtoto. Mlango ulifungwa siku arobaini kamili kwa sababu vijia vilijaa vumbi la kuchimbia mwamba, na mapafu ya kichanga hayakuliweza. Wakazi wengine walilala tu vyumbani mwao. Mchana kutwa walikuwa viwandani, shuleni, bustanini, wakivuta hewa ya vijia ambayo haikuhesabiwa kwa mtu. Ukiacha wagonjwa wasiojiweza, ni watu wa arobaini peke yao walioishi saa zote ishirini na nne kwa kile vali ilichowapa.

Bi Mwanasha alimpenyeza Mishi na kuurudisha mlango upesi, vumbi lisiingie. Chumba 117 kilinukia ubani. Nyamvula, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye jina la mvua asiyewahi kuiona mvua, alikuwa amelala ubavu na mtoto kifuani. Alijaribu kuinuka amwamkie mgeni, akashindwa, akaomba radhi.

"Lala, mwanangu, lala," Mishi alimwambia.

Mumewe, Chande, alikuwa ameketi sakafuni akiegemea ukuta, macho mekundu. Kijana mchimbaji, kifua kipana, lakini aliposimama kumpa mkono Mishi alipepesuka kidogo na kujishika kitandani. "Shikamoo, mama. Samahani, leo nimeamka na kichwa."

"Marahaba. Leo tu?"

Chande akatabasamu kwa aibu. "Wiki ya tatu."

Bi Mwanasha alimfunua mtoto miguu, akaukwaruza unyayo kwa ukucha. Mtoto mzima angeuvuta mguu na kupiga ukelele wa kuita jirani. Huyu alikunja vidole polepole, akafungua macho nusu, akayafumba. Mishi alimwinamia. Alikuwa amezaa wawili; alijua usingizi wa mtoto aliyeshiba, na huo haukuwa huo.

"Saa nne imekaribia," alisema. "Nyamazeni kidogo, tafadhali."

Wakanyamaza wote. Saa nne ilipogonga, vali ya dari iligeuka: ta, ta. Kisha kimya.

Mishi alisubiri mlio wa tatu. Alisubiri mpaka Chande akamwuliza kama kuna tatizo.

"Huwa inalia mara mbili tu?"

"Siku zote mara mbili. Kwani inatakiwa mara ngapi?"

"Na kabla mtoto hajazaliwa?"

"Mbili vilevile." Chande alimwangalia, na taratibu uso wake ukabadilika. "Mama, mtoto hajaandikishwa? Mimi nilimwandikisha siku ileile! Hati ninayo, nikuoneshe?"

"Ameandikishwa. Hukukosea kitu, baba. Aliyekosea ni mwingine."

Aliitoa simu yake ya kazi na kumpigia mlinda vali. Kufungua kidato kwa mkono kulihitaji kibali cha mhandisi mkuu, na mlinda vali akaanza kumsomea kanuni hiyo tangu kifungu cha kwanza. Mishi alimkata. "Fungua kidato cha tatu 117, na vyumba vingine vitatu nitakavyokutumia. Kibali utakipata. Usipokipata useme nilikulazimisha, na jina langu uliandike kwa herufi kubwa."

"Kwa mkono ni saa sita tu, Bi Mishi. Baada ya hapo mashine inajirudisha yenyewe kwenye hesabu."

"Saa sita zinanitosha."

Hakuwa na hakika kama zingemtosha. Vali ikalia ta moja ya ziada, na Bi Mwanasha akamgeuza mtoto uso uelekee dari.

*

Alichokikuta kwenye hifadhidata kilimchukua dakika kumi kukiona, na nusu saa nyingine kukubali kwamba amekiona.

SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ni lugha tiifu. Ukiiuliza inajibu, ila inajibu ulichouliza kwa namna ulivyoiwekea data, na haikuulizi kama ndicho ulichokusudia. Safu ya idadi ya wakazi ilikuwa na namba kama 2, 3, 1.5, 2.5. Vali nayo haielewi nusu; inageuka kwa vidato kamili tu. Kwa hiyo ulizo la kila saa lilikuwa na agizo la kuikadiria namba kuwa kamili:

SELECT chumba, ROUND(idadi) FROM wakazi;

Mstari mmoja. Mtoto wa darasa la nne angekwambia unafanya nini: namba ikifika nusu, panda juu. Mbili na nusu ni tatu. Na kwa miaka kumi na moja ilikuwa tatu, kwa sababu safu ile ilikuwa ya aina ya desimali, ambayo nusu huipandisha kila inapoikuta.

Miezi minne iliyopita ulizo lilikuwa limeanza kujikokota. Mishi aliibadilisha safu kutoka desimali kuwa namba elea, aina nyepesi ambayo mashine huikokotoa haraka. Ulizo lililochukua dakika nne likachukua sekunde mbili. Alilijaribu kwa vyumba vitatu alivyoviteua mwenyewe, vyumba vya watu watatu na nusu, na majibu yakawa sawasawa na ya zamani. Akalala usingizi wake.

Sasa aliandika namba tano kwenye kioo cha mashine, akaikadiria kila moja kwa aina zote mbili, na kumwita Mhandisi Shemweta, mkuu wa idara, aje aone kwa macho yake.

"Mmoja na nusu," Mishi alisoma. "Desimali inasema mbili, elea inasema mbili. Watatu na nusu: nne, nne. Sawa?"

"Sawa."

"Wawili na nusu. Desimali, tatu. Elea, mbili."

Shemweta, mtu mrefu aliyezoea kuinama milangoni, aliinama zaidi. "Kwa nini?"

"Namba elea ikifika nusu kamili hapa kwetu haipandi siku zote. Inakwenda kwenye namba shufwa iliyo jirani. Wawili na nusu wanashuka kuwa wawili. Wanne na nusu wanashuka kuwa wanne. Mmoja na nusu anapanda kuwa wawili. Waliobuni walikuwa na sababu yao: nusu hii ikipanda na ile ikishuka, jumla haipotoki. Ukiwa na takwimu za watu milioni, ni jambo la busara."

"Na hii ya mwisho? Nusu peke yake?"

"Sifuri," Mishi alisema. "Mtoto akilala peke yake chumbani, anahesabiwa hayupo. Bahati nzuri hakuna alalaye peke yake. Nimekwisha kagua."

Shemweta alikaa. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kutafuta njia ya kila mtu kurudi nyumbani akiwa ameridhika. "Ndiyo maana tangi lilijaa," alisema polepole.

"Ndiyo maana."

Tangi la akiba lilikuwa kwa ajili ya siku zile za kiangazi ambazo joto la juu lilizisimamisha mashine za hewa. Kwa miaka kumi na moja ya desimali kila nusu ilipandishwa, mji ukatumia zaidi ya ulivyotengeneza, na tangi likapungua. Kiangazi cha mwaka juzi mashine zilisimama siku saba, tangi likaisha siku ya sita, na watu tisa wa ujia wa nne wakafa. Kisha Mishi akaibadilisha aina ya data na tangi likaanza kujaa. Walimpigia makofi mbele ya baraza zima. Walimpa doti ya khanga na cheti. Alikipokea cheti hicho akitabasamu, wala hakujiuliza ile hewa imetoka kwa nani.

"Basi irudishe kama zamani," Shemweta alisema. "Desimali. Leo hii."

"Tangi litarudi kupungua. Nimepiga hesabu: miezi kumi na minne, na kiangazi kiko katikati yake."

"Miezi kumi na minne ni mingi, Bi Mishi. Tutaomba mashine nyingine."

"Mwaka juzi pia tuliomba."

Shemweta alijikuna shavu. "Au tuwavumilie hao wanne. Siku kumi na moja tu huyo wa 117 anatoka nje. Tunawafungulia kwa mkono kila baada ya saa sita."

"Na akina mama kumi na mmoja walio na mimba za kwanza sasa hivi? Na mlinda vali akisahau zamu moja? Hapana, Mhandisi. Hewa iliyopo inatosha kila mtu apate anachostahili, wawili na nusu wapate mbili na nusu. Kinachoiharibu ni sisi kuikadiria kila saa na kuitupa ile nusu kama maganda." Aliivuta kibodi. "Saa hii chumba kipewe vidato viwili. Nusu iliyobaki isitupwe; iandikwe kwenye safu yake, iitwe baki. Saa ijayo mbili na nusu ijumlishwe na ile nusu, inakuwa tatu kamili, vali inalia mara tatu. Mbili, tatu, mbili, tatu. Mtu hafi kwa saa moja ya upungufu ikiwa saa inayofuata analipwa. Desimali tupu, hakuna kukadiria, hakuna anayepunjwa wala anayezidishiwa."

"Wala anayezidishiwa," Shemweta alirudia. Aliiangalia orodha ya vyumba vya nusu iliyokuwa upande wa kushoto wa kioo, akashuka nayo, kidole kikasimama. "214. Si kwa mama yako hapa?"

Mishi alikuwa ameshaiona. Aliiona ilipopita mara ya kwanza, kabla hata hajampigia Shemweta simu.

*

Bi Kibibi, mama yake Mishi, alikuwa ametoboa mwamba wa Jabalini miaka thelathini, na mwamba ulilipiza kwa kumjaza vumbi mapafuni. Miaka miwili nyuma alikuwa hawezi kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kukaa njiani. Kisha dada yake Mishi akafariki, na mtoto wake, Zuhura, akaletwa kulala kwa bibi. Ndani ya mwezi mmoja bibi alikuwa anatembea. Akashika tena ukili, akasuka mikeka, akarudi kugombana na watu. Mji mzima ulisema mjukuu amemrudishia roho, na Mishi alisema hivyohivyo na kumshukuru Mungu.

Mmoja na nusu, vidato viwili. Kwa miaka miwili Zuhura alikuwa anakwenda shule asubuhi, na bibi anabaki na vidato viwili peke yake.

"Andika mstari mmoja tu," Shemweta alisema kwa upole. "Isipokuwa chumba 214. Nani ataona? Mimi nitakuwa nimekwenda kunywa chai."

Na kweli alitoka kwenda kunywa chai. Mishi alibaki na kioo.

Nisikufiche: aliuandika mstari huo. Aliuandika haraka, vizuri, bila kosa hata moja, akauangalia. Mgonjwa ni mgonjwa, si ndiyo? Halafu akakumbuka kwamba wagonjwa wa vumbi Jabalini walikuwa mia moja na themanini. Wote walikuwa wameomba kidato cha ziada, na baraza likakataa kwa sababu hewa ya kuwatosha wote haikuwepo, na karatasi ya takwimu iliyolifikisha baraza kwenye uamuzi huo ilisainiwa na Mishi Kilindo. Wale mia na themanini walikuwa wanahema kwa kidato chao kimoja kimoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na binti kwenye chumba cha hesabu.

Alifikiria kwenda kwanza kumwuliza mama. Alisimama kabisa, akafika mlangoni. Mama akikataa, je? Angerudi akafanye kinyume cha neno lake, au angemwacha mtoto wa 117 aendelee kusinzia? Na akikubali, basi mzigo wote umemwangukia bibi wa miaka sabini na moja, na Mishi anajitoa safi. Kosa lilikuwa la Mishi, na aliona ni la Mishi kulibeba, hata kama mama asingemsamehe. Alirudi kitini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Akaufuta mstari wa 214. Akairudisha safu kuwa desimali, akaiongeza safu ya baki, akaianzisha nusu ya vyumba kwa baki ya sifuri na nusu nyingine kwa baki ya nusu ili vyote visidai kidato cha ziada kwa saa ileile. Safari hii hakuteua vyumba vitatu vya kujaribia. Alivijaribu vyote, mia saba na tisa, kwa saa mia moja za kuigiza, na akaisoma jumla ya kila chumba mpaka macho yakamwuma. Hakuna aliyepungukiwa hata na nukta.

Saa kumi kasorobo alasiri, muda mfupi kabla ya zile saa sita kwisha, alilipeleka ulizo kwenye mashine. Kisha akaandika barua kwa baraza, aya mbili: nilibadilisha aina ya data pasipo kuijua vyema, watoto wakapunjwa hewa miezi minne, cheti nakirudisha. Alikiweka cheti ndani ya bahasha.

*

"Kwa hiyo umeninyang'anya," Bi Kibibi alisema.

Alikuwa amesikiliza yote, ukili mapajani, bila kukatiza. Vali ya 214 ilikuwa imelia mara moja tu saa kumi, naye aliisikia. Mtu aliyeishi kwa kidato hukijua. Zuhura alikuwa ametumwa kwa jirani.

"Ndiyo, mama."

"Hukuja kuniuliza."

"Sikuja."

"Mimi ni mama yako, Mishi! Mtu baki angebisha hodi!" Kifua kikambana, akakohoa, akamsukuma Mishi aliyetaka kumshika. Ilimchukua muda kuirudisha pumzi. "Ulidhani ningekataa?"

"Sikujua, mama. Niliogopa ukikataa nisikutii, na ukikubali nijione sina kosa."

"Na miaka miwili hii. Si Zuhura aliyeniinua."

Neno hilo ndilo Mishi alilokuwa akiliogopa kuliko yote. "Sehemu ilikuwa hewa, mama."

Bi Kibibi aligeukia ukutani. Hakusema tena neno siku hiyo, wala kesho yake, wala mtondo. Mishi alikuja kila alasiri, akafua, akapika, akasimama kando ya mlango. Katika saa za kidato kimoja bibi alihema kwa shida, mabega yakipanda na kushuka, na Mishi alibaki hapohapo akiangalia, kwa kuwa aliona si haki afanye jambo lile halafu asiwepo kuliona. Katika saa za vidato viwili bibi alisuka kwa haraka, akiwa amempa mgongo. Baraza lilimwondolea Mishi cheo na kumwachia kazi. Hakulalamika.

Siku ya kumi ndipo mama alipofungua mdomo, bila kugeuka. "Huyo mtoto. Anatoka lini arobaini?"

"Kesho."

"Mlete."

"Mama, vumbi la ujiani—"

"Si anatolewa kesho? Watu watampitisha kwa ndugu na jamaa. Apitishwe na hapa. Nataka kumwona anayekula hewa yangu."

Kesho yake walikuja wote: Bi Mwanasha mbele akisafisha njia kwa maneno, Chande katika kanzu iliyopigwa pasi, Nyamvula na khanga mpya, anatembea kwa miguu yake, wala hajishiki ukuta. Waliambiwa wanakokwenda na kwa nini. Nyamvula alipofika mlangoni alipiga goti, akataka kusema alichokiandaa njiani, na machozi yakamkatiza.

"Inuka, mwali. Nipe," Bi Kibibi alisema.

Ilikuwa saa ya kidato kimoja. Alimpokea mtoto kwa mikono yake ya mchimbaji, akamfungua nguo zote kama anayekagua mzigo, akamwekea sikio kifuani. Mtoto alichukizwa na baridi ya sikio hilo, akakunja uso, akaivuta pumzi ndefu iliyomfurisha tumbo, akapiga ukelele mpaka Zuhura akaziba masikio. Bi Kibibi hakuliondoa sikio. Alisikiliza mpaka ukelele ukaisha na mwingine ukaanza.

"Anavuta vizuri," alisema hatimaye, akihema. "Anaivuta yote."

Akamfunika, akamrudisha kwa mama yake, akawaombea dua fupi kwa sababu pumzi haikumruhusu ndefu. Kisha akamwangalia Mishi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Wewe bado sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Ujue hivyo." Alisogea kitandani, akaacha nafasi kando yake. "Haya, keti. Umesimama siku kumi."